Likasi: tulienda na aparei ya foto ya marehemu

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa karibu 120. Kama malori ya madini si mengi, basi dogo linafika kwa masaa mawili na nusu. Sisi tulitumia karibu matano, maana lori moja lilikuwa limelala katikati ya njia na watu wote wakashuka kuangalia, hata wale wasiokuwa na la kusaidia.

Tulikuwa watano: wamama wanne wa kikundi chetu na binti wa mmoja wetu, mwenye miaka 22. Tulibeba unga wa bukari, blanketi mbili kwa sababu mwezi wa sita Likasi ina baridi ya kweli usiku, na ndani ya begi la shule, limefungwa kwa taulo, jambo lililotutoa nyumbani: aparei ya foto ya zamani, Pentax K1000.

Ilikuwa ya mume wa mwenzetu. Papa huyo alikuwa mwalimu, na siku za Jumamosi alipiga foto kwenye ndoa na ubatizo ili kuongeza mshahara. Amefariki miaka 16 sasa. Aparei ilibaki ndani ya sanduku la chuma chini ya mashati yake, hakuna aliyeigusa mpaka mwaka huu, shemeji alipotaka iuzwe. (Hapa tuseme kidogo: Sheria ya Familia ya 1987 inawaweka watoto katika kundi la kwanza la warithi, na kundi hilo linapata robo tatu ya urithi. Shemeji si mtoto.) Kijana wa kutengeneza simu aliahidi dolare 20, akaishika, akaanza kutafuta mahali pa kufungulia mgongo wake. Binti ndiye aliyemshika mkono. Alikuwa ameona kidirisha kidogo cha kuhesabia kimesimama kwenye 22.

Waliokulia kwenye simu hawawezi kuelewa upesi maana ya namba ile. Ndani mlikuwa na filmu, na foto 22 zilikuwa zimepigwa bila kusafishwa. Mwanga ukiingia, hata kwa muda wa kupepesa jicho, zimekwisha. Na binti huyo alikuwa na miaka sita baba yake alipofariki. Foto za nyumbani ziliharibiwa na maji ya mvua paa lilipobomoka, na tangu hapo uso wa baba yake anausikia tu kwa maneno ya watu.

Lubumbashi tulizunguka siku mbili. Butiki zilizokuwa zikisafisha filmu za rangi sasa zinatoa foto za simu na kuuza kadi za ndoa. Kwenye butiki ya tatu mzee mmoja alituambia: nendeni Likasi, Kikula, muulize Nkambo wa foto.

Likasi ni mji wa vilima. Wazee wakijisahau bado wanauita Jadotville, jina lake mpaka 1966. Ukiingia unaona upande wa Shituru viwanda vya Gécamines, na Panda nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari kwa mstari, zenye madirisha yanayofanana kana kwamba mtu mmoja alizichora kwa rula na kuchoka kubadilisha. Si mbali kuna Shinkolobwe, ambako ilitoka sehemu kubwa ya uranium ya mabomu ya 1945. Tulimwuliza dereva kama njia inapita karibu. Alisema, “Wamama, mmekuja kwa foto au kwa bomu?” Tukanyamaza.

Tulilala kwa mama mmoja wa Panda, dada wa mwanachama wetu, na kumbe Mungu alikuwa ametupangia: mama huyo mwenyewe alikuwa mpiga foto. Ana miaka 60 na zaidi. K1000 yake aliinunua kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao, akailipa kwa mafungu manne, na kwa aparei hiyo aliwasomesha watoto watano. Alipoona ya kwetu inatoka kwenye taulo, aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

Aparei hii haina mengi ya kujivunia. Pentax waliianza mwaka 1976 na kuiacha 1997, na zaidi ya milioni tatu zilitoka. Katika nchi nyingi ilikuwa aparei ya wanafunzi, kwa sababu haifanyi kitu kwa niaba yako. Unageuza pete ya lensi mpaka picha iwe safi, unachagua tundu la mwanga, unachagua mwendo wa pazia, halafu unabonyeza. Betri yake ni moja, ndogo kama kifungo cha shati, ile ya kalkulatrisi, na kazi yake ni kuendesha sindano ya kupima mwanga tu. Betri ikifa, aparei inaendelea kupiga kama kawaida. Mama wa Panda alicheka: “Miaka ya shida mimi sikununua betri. Jua la Likasi nalifahamu.” Na kweli kuna hesabu ya zamani: jua likiwa kali, weka tundu kwenye 16, na mwendo wa pazia uwe karibu na namba ya filmu. Filmu ya 100, weka 125. Filmu ya 400, weka 500. Mawingu yakija, fungua tundu kidogo kidogo.

Haina kitufe cha kuizima, na hilo huwasumbua wengi. Sindano inakula betri kila wakati mwanga unapoingia kwenye lensi, kwa hiyo kuizima ni kuifunika lensi kwa kifuniko chake. Mama wa Panda alipopoteza kifuniko alitumia kile cha kopo la siagi, kikaenea sawasawa, na bado anacho.

Alimpa binti aparei aangalie ndani. Tulimwona anageuza pete polepole, mdomo wazi. Katikati ya kidirisha kuna duara ndogo. Kitu kikiwa bado hakijakaa sawa, ile duara inametameta kama maji ya sahani, na kikikaa sawa inatulia. “Nani unamwona?” Mama akauliza. “Mama yangu.” “Macho yake au pua yake?” Binti akageuza tena kidogo. “Macho.” “Basi hapo ndipo. Mtu ni macho.”

Kwenye suala la ndoa Mama huyu alizungumza mpaka bukari ikapoa. Sindano, alisema, haijui mtu mweusi wala gauni jeupe. Inataka kila kitu kiwe kijivu. Bibi harusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, sindano inaona weupe mwingi, inakwambia punguza mwanga, ukitii uso unakuwa makaa. Familia inakuja kuchukua foto na kukuta gauni linatembea peke yake. Yeye alikuwa anasogea mpaka sindano isione kitu kingine ila shavu la bibi harusi, anapima hapo, anaacha namba zile zile, ndipo anarudi nyuma na kupiga. Wapiga foto wanaume walimcheka kwa kusogelea watu hivyo. Na wateja nao mwanzoni walimwambia, “Mama, mwite mume wako aje apige.” Alikuwa anajibu, “Mume wangu anajua reli. Sindano naijua mimi.”

Tulimwuliza kama alipata faida kweli. Alihesabu kwa vidole: filmu, kusafisha, karatasi, na wale wasiorudi kuchukua foto zao. Kwenye filmu ya 36, foto kumi za kwanza zilikuwa za gharama. Za kumi na moja na kuendelea zilikuwa za shule. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa anabonyeza ovyo. Sisi tuna foto 3,000 kwenye simu na hatujui iko wapi ile ya ubatizo.

Kesho yake alitupeleka Kikula.

Nkambo wa foto anaishi nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa bluu. Chumba cha mbele kilikuwa studio. Ukutani bado kuna ziwa lililochorwa, na ndege ya abiria inayoruka juu yake kwa ukubwa usiowezekana. Yeye pia ana K1000, imechakaa mpaka rangi nyeusi imeondoka pembeni na shaba inaonekana. Lakini hakutuonyesha aparei kwanza. Alituonyesha makopo.

Ni makopo ya maziwa ya unga, labda 40, yamepangwa kwenye rafu mbali na ukuta ili unyevu usiyafikie. Ndani yake mna negativu, zimekatwa sita sita, kila fungu ndani ya karatasi yenye jina la familia na mwaka. Makopo saba yamefungwa kwa kitambaa chekundu. Tuliuliza kwa nini.

Alisema hizo ni za familia zilizokwenda. Wengi wetu tunakumbuka, na walio vijana wajue: mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, hata waliozaliwa huku na wasiojua Kasai iko upande gani. Hapa Likasi familia nzima nzima zililala kwenye stesheni zikingojea treni, na kuna waliokufa pale wakingojea. Walikuwa majirani wa Nkambo, na walikuwa wateja wake. Tulimwuliza kama alipiga foto stesheni. “Hapana. Mtu aliyelazwa chini na wenzake, mimi namwelekezea kioo cha nini? Nilipeleka maji.” Kuna wanaosema alipaswa kupiga, ili ushuhuda ubaki, na mmoja wetu alimwambia hivyo waziwazi. Nkambo hakukasirika. Alisema wengine walikuwa na kazi ya kuwa mashahidi. Yake ilikuwa kutunza ndoa zao na watoto wao waliokaa mbele ya ziwa hili la uongo. Mara tatu, alisema, mtu ameshuka kutoka Mbuji-Mayi na kumwuliza kama jina la wazazi liko kwenye makopo. Mara mbili lilikuwapo.

Sisi hatukukubaliana juu ya jambo hilo, na kwenye basi la kurudi tulikuwa bado tunabishana.

Sasa filmu yetu. Nkambo hakuifungua. Kwanza alikigeuza kidogo kile kishikio cha juu upande wa kushoto, akasikia kinakaza: filmu ipo na haijakatika. Kisha akabonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya aparei, akakunja kishikio na kuanza kuizungusha filmu irudi ndani ya kibweta chake, polepole, sikio likiwa karibu. Filmu kavu ya miaka mingi ikivutwa kwa haraka inaweza kukatika. Mwisho kishikio kikawa chepesi. Mama mjane alikuwa ameshika kitenge chake kwa meno.

Ilikuwa filmu ya rangi. Dawa za rangi Nkambo hana, na kwa filmu ya umri huo, alisema, rangi zenyewe zimeshaharibika. Afadhali kuisafisha kama nyeusi na nyeupe, tupate sura kuliko kukosa vyote. Halafu akatuuliza, “Nani amekuja na kafé?”

Tulidhani anataka kunywa. Kumbe kafé ndiyo dawa. Wanafunzi wa kemia ya foto na mwalimu wao kwenye chuo cha Rochester, Marekani, walilionyesha jambo hili mwaka 1995, na baadaye watu wakaongeza vitamini C. Kwa lita moja ya maji: gramu 54 za soda ya kufulia, gramu 16 za vitamini C ya unga, gramu 40 za kafé ile inayoyeyuka. Kafé nzuri ya kusaga ya Kivu msiiharibu, haifai kwa kazi hii. Ya bei ndogo ndiyo inayofanya kazi vizuri. Soda ya kufulia ikikosekana, unachukua bikarbonati ya mikate na kuikaanga kwenye sufuria juu ya mbabula, mvuke unatoka, inageuka. Wamama tulishangaa: vitu vyote hivyo viko jikoni, na hatukujua. Nkambo aliongeza chumvi ya iodini kidogo, kwa sababu filmu ya zamani inaleta ukungu na chumvi inaupunguza.

Dawa ya pili, ya kushikiza picha isifutike, haitoki jikoni. Yeye anaipata kwa rafiki anayefanya kazi mahali ambapo wagonjwa bado wanapigwa radio ya mifupa kwa filmu. Dawa ni ile ile.

Tulingoja usiku. Blanketi zetu mbili zilipata kazi: moja mlangoni, moja dirishani. Umeme ulikatika saa mbili na kwa mara ya kwanza maishani mwetu tulifurahi. Gizani Nkambo alifungua kibweta na kuizungusha filmu kwenye gurudumu la tanki kwa vidole peke yake, akiimba kwa pua. Hakuna aliyepumua kwa sauti. Kifuniko kilipofungwa, akawasha mshumaa.

Maji yalitakiwa nyuzi 20. Baridi ya Likasi ilikuwa imeyapoza zaidi, tukayapasha moto, tukayapoza tena, mmoja wetu akiyapima kwa termometre ya mtoto iliyogoma kusoma chini ya 32, mpaka Nkambo akatoa yake ya kioo. Kisha dakika 15, kugeuza tanki kila dakika. Harufu yake, wamama, ni nyasi zilizooza pamoja na soksi. Yule binti ndiye aliyeshika saa.

Alipoitoa na kuiosha, filmu ilikuwa na rangi ya chai nzito. Tuliitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na Nkambo akakataza mtu yeyote kuigusa mpaka asubuhi. Mama mjane hakulala. Tulimsikia anakwenda na kurudi.

Kati ya foto 22, kumi na moja zilikuwa na kitu ndani. Nkambo aliweka negativu juu ya kioo cha simu kilichowaka cheupe, akapiga kwa simu nyingine, akageuza weusi uwe weupe. Wanafunzi kwenye mstari. Ndoa moja ambayo hatujui ni ya nani. Baiskeli imeegemea mwembe. Mama mjane mwenyewe, kijana, ameinama juu ya mbabula, anacheka na kumkataza anayempiga. Hiyo aliitazama muda mrefu, akasema, “Nilikuwa na meno mazuri.”

Papa hayupo katika foto kumi. Na asingekuwepo: K1000 haina kile kifaa cha kungoja sekunde kumi ili mpiga foto akimbie ajiunge na wengine. Anayepiga hatokei.

Ya kumi na moja, namba 19, yuko. Amesimama uani, mikono nyuma, ameinama kidogo kama mtu anayeongea na aliye chini. Uso wake una ukungu. Unaona ni mwanamume, unaona miwani, unaona anatabasamu, lakini ukitafuta macho huyapati. Kilicho safi ni kamba ya nguo nyuma yake: gauni dogo la mtoto, hata vifungo unaweza kuvihesabu.

Nkambo aliikagua kwa lupe. “Alipanga lensi mwenyewe,” akasema. “Kwa mtu aliyesimama hatua tatu. Kisha akampa mwingine abonyeze, na huyo mwingine akasogea karibu.” Akaonyesha kidole. “Angalieni, imepigwa kutoka chini. Kimo hiki.” Akaweka mkono usawa wa meza.

Mama mjane alimgeukia binti yake. Binti alisema hakumbuki. Baadaye, tukiwa tunakunja blanketi, alisema labda anakumbuka kwamba ilikuwa nzito na mkanda ulimkwaruza shingo, lakini hana hakika.

Nkambo alipokea dolare kumi na kilo mbili za sukari, akakataa zaidi. Aparei haikuuzwa. Shemeji alipewa nakala ya foto namba 19, akaiweka mfukoni bila kusema, na mambo ya dolare 20 hayajasikika tena. Binti ametoa ile sponji nyeusi ya mgongoni, iliyokuwa imegeuka kuwa lami, akaweka mahali pake uzi mweusi wa sufu wa kusukia nywele, kama Mama wa Panda alivyomfundisha, mwanga haupiti. Filmu mpya ya foto 36 inaweza kula dolare kumi na zaidi, kwa hiyo anakwenda polepole. Mpaka leo amepiga nne.

Mwenye aparei ya namna hii nyumbani asiifungue mgongo. Ageuze kwanza kishikio cha kushoto, taratibu, kuelekea upande wa mshale. Kikikaza, ndani kuna filmu. Asiiweke kwenye mfuko wake wa ngozi wakati wa mvua, ngozi inashika unyevu na lensi inaota ukungu. Ailete Alhamisi baada ya mkutano. Nkambo amekubali kushuka Lubumbashi mwezi wa nane, kabla ya mvua, na kila mmoja aje na kafé yake.